Cheti Kitundikwe, Mwenyewe Abaki Nyumbani

Alichokitaka Denis kwa Eufrasia kilikuwa karatasi tu. Miaka yake minne ya chuo na ule mmoja wa mazoezi hospitalini haikumhusu. Alitaka cheti kiingie kwenye fremu, kitundikwe juu ya dawa za kikohozi, ili mkaguzi akipita aone kwamba famasi hii, jirani na machimbo ya Bulyanhulu, ina mfamasia.

"Wewe kaa kwenu Masumbwe ule ugali, dada yangu," alimwambia kwenye simu. "Kila mwezi nitakukumbuka. Mfamasia mzima usimame kaunta, kwani umelaaniwa?"

Eufrasia alikuwa na mwaka wa pili bila kazi. Mama yake alikuwa ameacha hata kumuuliza, na kimya hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Akatia cheti kwenye bahasha ya kaki, akapanda bodaboda.

Njia nzima mawazo yake yalikuwa chuoni. Alimwona mwalimu wao wa mwaka wa kwanza akichora ubaoni mti wenye matawi: hospitali, kiwanda, bohari ya dawa, ukaguzi, utafiti, ualimu, duka lako mwenyewe. "Chagueni tawi!" Jinsi walivyocheka siku ile, jinsi walivyoyagombania! Frank leo anazunguka Mwanza na mkoba wa kampuni, akiwasifia madaktari dawa ya tumbo. Ritha anafundisha. Wiliam, aliyekuwa akiwafundisha wenzake wote kabla ya mtihani, anauza makava ya simu stendi ya Kahama.

Na zahanati ya kijijini kwao je? Mawe yake waliyabeba kichwani kina mama, fedha za mabati yake zilikatwa kwenye mauzo ya pamba ya msimu mzima. Jengeni, waliambiwa, mtaalamu ataletwa. Wakajenga. Leo dawa anazigawa mfagizi, na mtaalamu yuko nyumbani anachambua mchele. Nani aliwahi kuulizwa hilo?

Kabla ya chuo alikuwapo mama mkubwa Theopista, na hapo moyo wa Eufrasia ulilainika. Darasa la saba na mafunzo ya miezi michache, basi. Lakini chumba cha dawa cha parokia, kule Ushirombo, kilikuwa chake. Kilinukia spiriti na sakafu iliyopigwa deki asubuhi. Eufrasia mdogo alikaa juu ya kreti, akikunja karatasi za kufungia vidonge, na mama mkubwa akichora juu ya kila moja jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalozama. Kisha alishika pakiti upande mmoja, mgonjwa upande wa pili, asiiachie.

"Nirudishie maneno yangu."

Wazee wenye ng'ombe mia walirudia kama watoto wa komunyo ya kwanza. Aliyekosea alichekwa na foleni nzima, na Theopista alianza upya, bila haraka, kama vile siku ile haikuwa na jioni. Siri ya mgonjwa haikuwapo, ni kweli. Lakini hakuna aliyetoka pale bila kujua anachomeza.

Famasi ya Denis ilikuwa na vigae na feni. Jenifa, muuzaji mchangamfu, alikuwa kaunta. Fremu yenye cheti cha mfamasia aliyejitoa ilikuwa bado ukutani. Eufrasia hajaketi vizuri, akaingia mchimbaji mmoja, Mihayo, mguu umefungwa tambara jekundu kwa vumbi la duara, shimo lao la dhahabu.

"Jenifa, nikatie rangi mbili. Tatu zinatosha."

Jenifa akakata kapsuli tatu, nyekundu na njano, kwa mkasi. Mihayo akakaa mlangoni, akafungua tambara, akaanza kuipasua ya kwanza ili amwagie unga kidondani, kama wafanyavyo karibu wote machimboni.

"Subiri, kaka. Hiyo ni ya kumeza, na hata kumeza si tatu."

"Kwani wewe nani?"

"Mfamasia."

"Acha utani, mayu. Mfamasia yule pale ukutani. Mwaka wa tatu namsalimia, hajawahi kuniuliza neno."

Jenifa alicheka hadi akashika meza. Eufrasia hakucheka. Aliomba maji safi na sabuni, akamwosha Mihayo kidonda, akakifunga, akamwambia aende zahanati leo hii akachomwe sindano ya pepopunda.

Denis alikuwa amesimama kando ya kaunta muda wote. "Haya, umeshajionyesha. Lete bahasha."

"Cheti hakikai hapa bila mimi. Nikitundika, nasimama kaunta."

"Usimame uulize kila mtu maswali, duka lidode? Ninao wafamasia ishirini kwenye simu hii."

"Wapigie."

Akatoka na bahasha yake. Alilala kwa binamu yake Dorika, anayewapikia wachimbaji, na asubuhi hakwenda stendi. Alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya famasi. Mihayo akaja kubadilishiwa bandeji, akamleta mwenzake. Kila aliyetoka na pakiti aliitwa: "Njoo kwanza. Umeambiwa unywe vipi?" Wengi hawakuwa wameambiwa. Wakarudi ndani kumuuliza Jenifa, Jenifa naye akatoka nje kumuuliza Eufrasia.

Siku ya nne Denis alijitokeza mlangoni, jasho linamtiririka. "Unanifukuzia wateja!"

"Sijamfukuza mtu, baba. Nawauliza tu."

"Hebu waone, wote wako huku nje!"

Kweli, walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga kando ya benchi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia Denis asikate foleni. Denis akamtazama yule mama, akaitazama kaunta yake tupu. Akaingia ndani, akainua ubao wa kupitia kaunta, akaushikilia juu kwa mkono mmoja.

"Ingia basi. Na hiyo bahasha yako."

"Ngoja nimalize na huyu mama," alisema Eufrasia.