Mtaa Uliofunga Visima Vyake

Mtambo ulikohoa, ukatetemeka juu ya miguu yake ya chuma, kisha badala ya tope ukatapika vumbi. Lilikuwa vumbi jepesi la rangi ya majivu. Liliinuka kutoka kwenye tundu, likatanda juu ya ua wa mshonaji, likatua taratibu ndani ya ndoo tupu alizokuwa amezipanga ukutani tangu asubuhi. Mshonaji alisimama mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni mwake. Alipokwisha kuelewa, alizichukua ndoo moja moja, akazikung'uta, akazirudisha ndani, kama anayeondoa sahani za wageni ambao hawakuja.

Mchimbaji alizima injini. Mtaa mzima ulimwita Fuko, kwa kuwa riziki yake ilikuwa chini ya ardhi, naye alikuwa amelizoea jina hilo hata la kuzaliwa likitajwa huona anaitwa mtu mwingine. Alikusanya mabomba, akakaza kamba, akamwambia mshonaji maneno aliyokwisha kuwaambia wengi: hapa hakuna. Kisha akangoja, kama alivyongoja kila mara, aone kama moyo utasema neno. Moyo haukusema. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: upo, ni wako, lakini hata ukiuchoma sindano hauna habari.

Zamani haikuwa hivyo. Mto ulipoanza kunywea na mabomba ya mji yakawa yanatoa upepo tu, yeye ndiye aliyeingia mtaani na mtambo wa kwanza, akapokelewa kama bwana harusi. Tope lilipofumuka, watu wazima walilirukia kama watoto, na mwenye ua alimshika mkono asitake kuuachia. Baada ya hapo kila nyumba ikataka kisima chake, na kila kisima kikataka ukuta wake. Haukupita muda wale wa kwanza wakamrudia kumwambia maji yamekimbia. Akachimba chini zaidi. Wa jirani nao wakaja na kilio kilekile. Akachimba chini zaidi. Walikuwa kama walaji wa chungu kimoja, kila mmoja akirefusha kijiko chake badala ya kuuliza chunguni mmebaki nini.

Fuko alilijua hilo mapema kuliko wengi. Alilijua tangu alipomchimbia mwokaji mikate, ambaye ua wake umepakana na ua wa dada mkubwa wa Fuko. Dada alikuwa dobi, na maji yake yalitoka katika kisima ambacho baba yao alikichimba kwa mikono yake. Juma lile halijaisha, ndoo ya Dada ikapanda na kokoto. Hakupiga kelele. Alianua kamba za kuanikia, akawarudishia wateja mashuka yao yakiwa machafu vilevile, akawaomba radhi. Fuko aliendelea kumtembelea kila Jumapili, naye Dada akaendelea kumtilia chai, ila kikombe kikawa nusu. Wote wawili walikitazama kikombe kile, na hakuna aliyekitaja.

Mwaka ule mtambo ulipotapika vumbi, mtaa ulianza kufumuka kama kikapu kilichokatika ukingo. Waliooleana walinyimana salamu. Watu walitia visima vyao kufuli, kufuli zikavunjwa, na kwa ajili ya ndoo moja ya maji mpiga chapa mstaafu alirushiwa jiwe akapoteza jicho. Aliyelirusha alikuwa mkwewe. Nyumba za mwisho wa barabara zilibaki na madirisha wazi. Wenyewe walikuwa wameondoka bila kuaga, maana ukiaga utaulizwa unakwenda wapi, nao hawakujua. Fuko alizisikia habari hizi zote kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukutani. Sauti ilimfikia, maneno hayakumhusu.

Mkutano uliitishwa na Dada. Walikutana katika darasa la shule ya mtaa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wa kwanza kusema alikuwa mwokaji. Alisema kisima chake sasa kinatoa maji ya chumvi, mikate imekuwa hailiki, na kwamba asiyeamini aende akanunue. Watu walicheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kuinunua.

Kisha Dada akasimama. Alieleza bila madoido kwamba kinachowaua si ukame peke yake, bali ni kuukabili kila mtu kivyake. Alitaka visima vyote vya majumbani vifungwe, kibaki kimoja tu, cha shule, na kila nyumba ipate sawa na nyingine. Maji ya kufulia yapigiwe deki, ya deki yaende vyooni. Mapaa yote ya mtaa yawekewe mifereji, na uwanja wa shule uchimbwe shimo pana la mawe na mchanga, ili mvua ikija isikimbilie barabarani bali irudi chini ilikotoka. Hawataiteka. Wataiacha iingie.

Darasa lilichafuka. Wengine walisema huo ni ujamaa wa njaa, wengine wakasema heri kuhama. Aliyesimama akawanyamazisha wote ni mfanyabiashara wa vyuma waliyemwita Bwana Geti, kwa kuwa geti lake ndilo lililokuwa refu kuliko yote mtaani.

"Kisima changu kimo ndani ya ukuta wangu," alisema.

"Kisima kimo ndani ya ukuta," Dada akamjibu. "Maji hayajui ukuta."

Walibishana mpaka mchana ukaisha. Mwishowe waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, si kwa kushawishika bali kwa kuchoka. Swali likawa nani atavifunga, na vichwa vikageuka nyuma, alikoketi Fuko akitazama ramani ya dunia iliyopauka ukutani. Walipotoka, Dada alimfuata hadi kwenye lango la shule.

"Mtavifungua tena," Fuko alisema. "Hali ikikaza, mtavifungua."

"Huenda."

"Basi kazi ya nini?"

Dada alijifunga mtandio wake upya. "Kile cha baba ulikikausha wewe," alisema, bila ukali, kama anayemwelekeza mtu njia. "Nilijua tangu siku ile. Nilingoja useme, kisha nikaacha kungoja. Sasa sitaki useme, mdogo wangu. Nataka ufunge."

Fuko alisema polepole. "Sisikii kitu, Dada. Hata ungenitukana. Yule mzee alipopoteza jicho nilikwenda kumwona, nikaketi kitandani pake, nikala chungwa."

"Sikukuomba usikie kitu. Nimekuomba ufunge."

Akaanza na kisima cha mwokaji. Kufunga kisima si kukitupia mawe tu: hushushwa changarawe, kisha udongo wa mfinyanzi, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu ikamwagwa zege. Alifanya kazi bila haraka. Wenye nyumba walitoka kumtazama kama watu wanaotazama jeneza likiteremshwa, wengine wakamletea kiti, wengine wakamfungia mlango akalazimika kurudi kesho yake. Mwanamke mmoja alimwomba amwachie tundu dogo tu, la kidole. Fuko alimtazama, akaendelea kushindilia. Jioni alijitupa kitandani na nguo za kazi, akalala usingizi usio na ndoto.

Kwa Bwana Geti alikuta mwenyewe ameweka kiti juu ya kifuniko cha kisima na kukikalia. Hakutukana, hakutishia. Alikaa tu, mikono magotini. Fuko aliweka vifaa chini akachuchumaa kando ya ukuta. Baadaye mke wa Bwana Geti alitoka ndani na kiti cha pili, akampa mgeni, na wanaume wawili wakakaa wakitazamana katika ua uliokuwa umepambwa kwa maua yaliyokwisha kukauka. Jua lilipanda, kivuli cha geti kikafupika. Bwana Geti aliuliza kama ni kweli mwokaji alikubali kwanza. Fuko akasema ni kweli.

Mke alitoka mara ya pili, safari hii na ndoo. Alikuwa mtu mzima, mgonjwa wa mgongo, na watu hawakukumbuka kumwona akibeba kitu barabarani. Alipita mbele ya mumewe, akafungua lango dogo, akashika njia ya shuleni. Kupitia lango lililobaki wazi walimwona akijiunga na mstari, kati ya mshonaji na mke wa mpiga chapa, na walimwona mshonaji akisogea kumpa nafasi. Mstari ulikwenda. Aliporudi alikuwa amepinda upande mmoja, ndoo ikimgonga mguu, maji yakimwagika. Bwana Geti alisimama kutoka kitini, akatoka nje akampokea ndoo. Alipogeuka, Fuko alikuwa amekwisha kukiondoa kiti na kufunua kisima, anateremsha changarawe. Bwana Geti alipita na ndoo yake ndani ya nyumba. Hakutoka tena siku ile.

Si kila jambo lilikwenda sawa. Mmoja alikamatwa akibomoa zege, akaaibishwa hadharani, akahama. Kulikuwa na siku kisima cha shule kilipotoa kidogo mno, watu wakamtazama Dada kwa macho ambayo Fuko aliyafahamu vizuri, macho ya wenye ndoo tupu. Lakini mstari haukuvunjika. Uani kwa Dada kamba zikarudi, watu wakawa wanafua pamoja katika beseni moja la maji, wakilaumiana juu ya soksi zilizopotea na kusengenya wasiokuwapo. Fuko aliuza mabomba yake kwa Bwana Geti kama vyuma chakavu, akashika sululu pamoja na wengine katika shimo la uwanja wa shule.

Mvua ilikuja alasiri, wakati watoto hawajatoka darasani. Ilianza kwa matone mazito yaliyotoboa vumbi, kisha ikamwagika yote. Watu walitoka majumbani mwao. Wengi walitoka na ndoo, masufuria, madumu, kila kilichoweza kushika maji. Miguu ilikuwa imewatoa kabla ya akili. Wakafika uwanjani, wakasimama kuzunguka shimo, wakayaona maji yakitiririka kutoka kwenye mapaa, yakipita katika mifereji, yakiingia katika mawe, yakizama. Hakuna aliyezuia wala aliyekinga. Mshonaji alikuwa na ndoo mkononi. Aliishusha akaificha nyuma ya mgongo wake, kama mtu aliyekuja msibani na nguo isiyofaa. Mpiga chapa aligeuza kichwa upande wa jicho lake zima ili aone. Mkwewe alikuwa amesimama mbali kidogo naye, si mbali sana.

Fuko alikuwa ukingoni mwa shimo, hana kofia, shati limemganda mwilini. Dada akaja akasimama karibu naye, mtandio kichwani.

"Yanaingia?" aliuliza.

"Yanaingia."

"Yatafika huko chini?"

Fuko aliangalia yalipokuwa yakizama. Maisha yake yote alikuwa ameijua ardhi kwa kuitoboa, hakuwahi kuisubiri. Alifungua mdomo ajibu, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Naona baridi," alisema.

Dada alimgeukia. Mikono ya Fuko ilikuwa ikitetemeka, na meno, na yeye mwenyewe aliitazama mikono ile kama vitu alivyokuwa amevisahau mahali.

"Basi ingia ndani," Dada akasema.

Hakuingia. Alibaki amesimama pale, anatetemeka, na mvua ikaendelea kunyesha.