Kawaida Tu

Kliniki ile huita namba kwa mdomo, nasi tulikuwa namba ishirini na tisa. Saa nne imepita. Saluni mteja ananisubiri nimfumue nywele, bosi keshapiga simu mara mbili, na siwezi kunyanyuka hata kwenda msalani, maana dada yangu hasikii na muuguzi haiti namba mara mbili. Nilitikisa mguu mpaka benchi zima likatetemeka. Dada akanipiga kofi la paja.

Tangu utotoni mimi ndiye masikio yake. Alama niliyoitumia kuliko zote ni ya kupunga kiganja chini mara mbili: kawaida tu. Mwalimu akifoka, kawaida tu. Majirani wakicheka, kawaida tu. Watu wakisema maneno mia, namfikishia matatu. Dada ni fundi cherehani, ana wanafunzi wawili, na tangu ajiunge na chama cha viziwi amenifundisha lugha ya alama yenyewe. Akaniambia pia kwamba mkalimani wa kweli husema "mimi", hasemi "anasema". Nilimwona anajidai.

Asubuhi ile mama alinivuta jikoni. Yeye ndiye anayemlea mtoto wa kwanza wa dada, na mgongo umemchoka. Akataka nimwambie daktari kwamba dada akijifungua huyu wa pili, afungwe kizazi. Nisimsumbue dada kwa maelezo, ataelewa baadaye. Nilikubali. Sijitakasi.

Namba yetu ilipoitwa, muuguzi aliniuliza mimi tumbo lina miezi mingapi. Kisha akauliza, huku akicheka chinichini, ni nani aliyempa mimba. Nikajibu kwamba ana mume, seremala. Akataka kujua kama naye ni hivyohivyo. Nikasema naye ni kiziwi, akaguna. Dada akaniuliza kwa mikono kinasemwa nini. Nikapunga kiganja.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Kabla sijaleta la mama, akalianza mwenyewe: wanawake wa hali hii, tena wasio na uwezo, ni vizuri kuwapunguzia mzigo. Akasukuma karatasi upande wangu.

"Weka sahihi hapa, kama msimamizi wake."

Nikashika kalamu. Dada akanishika mkono huo, akauliza ni karatasi gani. Mkono wangu wa pili ulishaanza kupunga wenyewe, kwa mazoea. Akautazama kama anavyotazama mshono wa mwanafunzi: ameshajua umepinda, anangoja tu mshonaji akiri.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia yote. La daktari, la muuguzi na kicheko chake, la mama jikoni, na kwamba nilikubali. Maneno ambayo sikujua alama zake niliyaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Daktari aliuliza mbona tunachelewa, nikamwambia asubiri.

Dada aliinua mikono kutoka tumboni. Alipoanza kuzungumza, nikafungua kinywa.

"Mwenye tumbo ni mimi," nilisema. Daktari akashangaa, akanitazama tumboni. Nikamwonyesha dada kwa kidevu, nikaendelea. "Nina miaka thelathini na moja, nina mume na kazi. Nikitaka kufunga kizazi nitakuja kusema mwenyewe. Niulize mimi, na uniangalie mimi."

Muuguzi pale mlangoni akanong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikalifasiri na hilo. Dada akacheka.

"Mimi sisikii la mkuu wala la mdogo," nikasema, "na miguu yangu yote mizima."

Daktari akarudisha karatasi kwenye droo. Kisha akageuza kiti, akamuuliza dada kama mtoto anacheza vizuri.

Hatujafika getini mama akapiga simu. Nilitaka kuikata, lakini dada alisimama mbele yangu, akingoja. Nikaibana simu kwa bega ili mikono iwe huru. Mama aliuliza kama nimeshamalizana na daktari, na kama dada hajagundua. Nikamfasiria dada kila neno, la mwisho pia. Machozi yalimtoka, ila mikono haikusita.

"Mama, mimi najua," nikasema. "Ungeniuliza mwenyewe."

Mama akauliza, taratibu, ni nani anayeongea. Nikalifikisha na swali hilo, nikangoja mikono ya dada.

"Ni mwanao mkubwa," nikasema.