Asante Si Jibu

Mimi naitwa Kavugho, na kazi yangu ni mdomo. Wakongo wa Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, wakisema Kiswahili, nakipeleka kwa Kiingereza. Wageni wakisema Kiingereza, nakirudisha kwa Kiswahili. Shirika liliniajiri kwa hilo. Lakini mdomo nimeukodisha tu, sijauuza, na hilo ndilo Odero hakutaka kulielewa.

Odero ni Mkenya, mkuu wetu wa mradi wa vyoo. Asubuhi ile tuliposhuka Bwaise kumsubiri mgeni wa wafadhili, alinivuta kando.

"Dada Kavugho, leo tunahitaji neno moja tu. Adequate. Mgeni akiuliza kama choo ni adequate, wamama waseme ndiyo. Akisikia ndiyo, mradi unafungwa vizuri, saruji iliyobaki tunaipeleka mtaa mwingine, maisha yanaendelea."

"Na wakisema hapana?"

"Umewahi kumsikia Mkongo akimwambia mgeni hapana?"

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Kwetu mtu akikuletea zawadi unaipokea kwa mikono miwili na kusema aksanti, hata kama ni kiatu cha mguu mmoja. Ubaya wake utausema akishaondoka. Odero aliijua desturi yetu, akaona aifanye ngazi ya kupandia.

Choo chenyewe, sitakinyima haki yake, kilikuwa kizuri. Ukuta wa matofali, mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, ngazi za saruji. Picha yake ingependeza popote. Shida ilikuwa kimo. Fundi alikijenga wakati wa jua, wala hakumuuliza mtu maji ya Bwaise yanafika wapi. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia shimoni, yakayatoa yaliyomo, yakayaleta uani mpaka anapopikia Mama Benedicte, Mkongo mwenzangu mwenye ua huo. Kukiinua kulihitaji saruji, saruji ileile ambayo Odero alitaka kuihamisha.

Na neno adequate mimi nalijua. Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Kyebando alilihangaikia jioni nzima. "Msiulize kitu ni kizuri au kibaya," alituambia. "Ulizeni kilitengenezwa kwa kazi gani, halafu ulizeni kama kinaiweza." Koti la suti likiloa mpaka fulana, si adequate kwa mvua. Kaveera, huu mfuko wa plastiki wa sokoni, ukijifunika kichwani ukafika mkavu, ni adequate, acha watu wacheke. Tangu siku hiyo nalipenda neno hilo kwa sababu halimwonei mtu haya.

Mgeni alifika, mama mrefu mwenye mabuti ya mvua, hana maringo. Alikizunguka choo, akachungulia ndani, kisha akamgeukia Mama Benedicte na kuuliza kwa Kiingereza kama ni adequate. Kabla sijafungua mdomo, Odero alirukia kwa Kiswahili chake kitamu.

"Mama, mgeni anauliza, mnashukuru?"

"Tunashukuru sana," alisema Mama Benedicte, mikono kifuani. "Aksanti. Mungu awabariki."

Odero akamwambia mgeni kwa Kiingereza: anasema ndiyo, ni adequate kabisa.

"Hakusema hivyo," nilimwambia mgeni. "Amesema asante. Asante si jibu la swali lako."

Odero alicheka meno nje, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Wewe, usinichomee picha, utaniaibisha. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hashukuru."

"Kushukuru ni adabu, Odero. Adabu haizuii maji."

Mama Benedicte alisikia, akanikata jicho. "Kavugho, mgeni hafanyiwi hivyo. Nyamaza."

Hilo liliniuma kuliko yote ya Odero. Halafu mkalimani hana ruhusa ya kutia maneno yake. Kama mwenye choo anasema aksanti, mimi ni nani? Basi jibu langu sikulitia. Nilichukua swali la mgeni, nikalifungua kwa Kiswahili kama mwalimu alivyotufundisha.

"Mama, haulizi kama unashukuru. Shukrani yako ameipokea. Anauliza hivi: choo hiki kilijengwa ili uchafu ukae chini. Mvua ikinyesha, kinaiweza kazi hiyo?"

"Mvua ikinyesha?" Alinishangaa. "Si unajua mwenyewe, mwana wangu. Ikinyesha uchafu unakuja mpaka jikoni. Nilimwaga sufuria nzima ya maharagwe. Ikinyesha tunajisaidia kwenye kaveera na kulitupa mtaroni, mimi mtu mzima, na mkwe wangu anaona." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Choo ni kizuri. Wakati wa jua."

Nilimtafsiria mgeni neno kwa neno, na maharagwe, na mkwe. Na ile aksanti niliirudia pia, maana ilikuwa ya kweli. Mgeni akauliza tena: kwa hiyo ni adequate au siyo?

Sikumjibu mimi. Nilimgeukia mwenye choo. "Mama, kwa kazi yake, kinatosha au hakitoshi?"

Mama Benedicte aliitazama ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua. "Mwambie anisamehe," alisema. "Hakitoshi."

"Anaomba umsamehe," nilimwambia mgeni. "Si adequate." Sijawahi kusema Kiingereza kwa raha kama ile.

Mgeni akamwambia Odero kwamba mradi haufungwi. Saruji ibaki hapohapo mpaka choo kiinuliwe, na kesho yeye atarudi na fundi. Odero aliitikia ndiyo, ndiyo, mpaka gari la mgeni likakata kona. Kisha akaninyooshea mkono.

"Kitambulisho."

Nilikivua shingoni nikampa. Kazi Kampala haiokotwi njiani, sitadanganya. Lakini kujuta sikujuta.

"Usikanyage tena ofisini," alisema.

"Sawa. Lakini choo kinapanda."

Aliondoka bila kuaga. Nikabaki na Mama Benedicte, ambaye hakuonekana kunionea huruma hata kidogo.

"Umenitia aibu mbele ya mgeni," alisema.

"Unisamehe, mama."

"Aibu kubwa." Akaugeukia ule mlango wa buluu. "Kesho akirudi nataka kumwambia na habari ya mlango. Haufungiki. Binti zangu wakiingia lazima mmoja asimame nje kuushika."

"Utamwambia kwa mdomo wa nani? Mimi nimefukuzwa."

"Umefukuzwa ofisini," alisema, huku akiinama kuingia jikoni. "Hapa kwangu nani amekufukuza? Uje mapema."