Picha Iwe ya Mtu Mmoja

Saa nne asubuhi mpiga picha alikuwa juu ya paa la ghala, stendi ya kamera ameifunga kwa kamba kwenye bomba la maji, akipiga picha dohani, ile minara ya moshi ya mtaa wa viwanda. Idara ya majengo ilitaka picha za dohani zote za zamani kabla hazijabomolewa. Yeye, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa akipiga picha za pasipoti tu, alizipiga kwa namna aliyoijua: dohani moja kwa kila picha, uso mbele, kichwa chote kionekane, nyuma yake mbingu tupu. Wingu likiingia, alisubiri litoke.

Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza ya kiwanda cha nguo, mbili za tanuri la matofali, na ile fupi ya kiwanda cha mikate, iliyopinda kama mzee anayetega sikio. Ikabaki ya kiwanda cha sabuni, ndefu kuliko zote. Hiyo aliiacha ya mwisho kwa makusudi, maana humo ndimo alimofia kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa dohani. Miaka kumi na miwili nyuma aliingia kukwangua masizi, na meneja, aliyekuwa na haraka ya shehena, akaamuru tanuri liwashwe. Aliambiwa fundi bado yumo ndani. Akasema atatoka mwenyewe akisikia joto. Jioni meneja aliandika mstari mmoja kwenye faili la fundi: ameacha kazi bila taarifa. Kwa hiyo hapakuwa na mazishi wala kesi, kwani mtu aliyeacha kazi hazikwi. Mpiga picha aliutaka mstari huo ufutwe, uandikwe wa kweli. Hakutaka kingine, isipokuwa pia meneja akione cha mtema kuni.

Picha zilipokauka, kaka yake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa dohani ya sabuni, miguu inaning'inia, kikwangulio pajani, ameipa kamera mgongo. Alikuwa ameketi vilevile kwenye ya kiwanda cha nguo, na ya mikate, na kwenye paa la vigae la nyumba ya meneja, lililoingia pembeni ya picha moja bila kukusudiwa. Mpiga picha alilitambua shati, kiraka cha bega alikishona yeye. Alilia mpaka chai ikapoa, kisha akazitia picha kwenye bahasha na kuzipeleka idarani.

Karani wa idara alizipanga mezani. Alisema mbingu imetoka safi, ila taratibu haziruhusu watu juu ya majengo. Mpiga picha akamweleza kwamba huyo ni kaka yake, na amekufa, na ni nani aliyemuua. Karani aliandika yote bila kukosea, akapeleka nakala kwa meneja, ambaye alishastaafu lakini bado alitunza funguo na mafaili ya kiwanda. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, limegongwa mhuri. Meneja alishukuru kwa ushahidi huo. Marehemu hawakai juu ya dohani mchana kweupe, aliandika. Mtu aliye pichani ni mzima wa afya, na kwa kuwa anaonekana hafanyi kazi yoyote, kumbukumbu za kiwanda ni sahihi.

"Amekufunga mdomo, dada," karani alisema. "Tena kwa picha zako mwenyewe."

Mpiga picha alisimama katikati ya ofisi, akaomba kwa sauti kwamba mtu yule asipate pa kukimbilia. Karani akamsihi asogee pembeni, kulikuwa na foleni.

Mwezi uliofuata binti wa meneja, aliyeolewa ng'ambo, alimpigia baba yake simu kwamba yu karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Meneja alikata kauli kwenda. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, na mpya ilihitaji picha. Alikwenda studio ya jirani. Picha zilipotoka, fundi wa dohani alikuwa amesimama nyuma ya kiti, safari hii uso mbele, masizi mpaka kwenye kope, mkono begani kwa meneja. Ofisi ya pasipoti ilizikataa: picha iwe ya mtu mmoja. Alijaribu studio nne nyingine. Moja ilimfuta yule wa nyuma kwenye kompyuta, lakini karatasi ilitoka na wote wawili, meneja ndiye hafifu.

Mwishowe alikuja kwa mpiga picha, kofia mkononi. Alimwomba amwambie kaka yake asogee kidogo, dakika moja tu.

"Andika ulichofanya, mzee. Mstari mmoja, naye atasogea."

Hakujua kama kaka yake angesogea. Meneja alisema hana la kuandika. Akapigwa picha, na mkono ulikuwa umepanda kutoka begani hadi shingoni. Mpiga picha alimkatia nakala zake, akajibakizia moja, kwa kuwa hakuwa na nyingine inayoonyesha uso wa kaka yake.

Tangu hapo meneja huja kila Jumatatu. Dohani ya sabuni imeshabomolewa, na kwenye daftari la idara picha yake imebandikwa, chini yake karani ameandika: urefu mita arobaini, mtu mmoja juu. Mjukuu alizaliwa, akatambaa, akaanza kuuliza kwa simu babu atakuja lini. Siku aliyoulizwa hivyo meneja alilia pale pale kwenye kiti. Mpiga picha alitafuta huruma moyoni, kwa adabu tu, asiikute. Alichokiona humo ni raha, tena si raha nzuri, naye alijua, akaifurahia hivyo hivyo.

Akampa kitambaa ajifute. Akasubiri macho yakauke, akamwuliza kama leo ataandika.

"Aliacha kazi," meneja alisema.

"Basi kaa sawa, mzee. Tupige nyingine."