Kesi ya Mchuzi wa Buchi

Tiruwork alijifunika mtandio mpaka puani, akabakiza macho mawili tu, kisha akasema kwa sauti nzito ya kuazima:

"Ini nusu kilo. Na mifupa."

"Karibu, Mama Tiruwork," akajibu Nuredin muuza nyama. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Tiruwork alitazama huku na huku. Bucha zote za Wakristo mjini Addis zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa tulikuwa katikati ya Mfungo Mkuu: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, hata siagi ya kupaka kichwani watu waliitazama kwa wasiwasi. Bucha ya Nuredin, Mwislamu, ndiyo iliyokuwa wazi. Na kuonekana pale kulikuwa kosa juu ya kosa, maana Wakristo wetu hawali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Waislamu hawali iliyochinjwa na sisi. Mbwa peke yake ndiye asiye na ubaguzi.

"Punguza sauti, mwanangu," akasema. "Umenijuaje?"

"Kwa viatu, mama. Na pia wenzako wakija huagiza nyama laini. Wewe peke yako unaomba mifupa."

"Wenzangu gani?"

"Mimi nauza nyama, siuzi majina." Akapima ini. "Limepanda tena."

"Limepanda! Jana lilikuwa limekaa, leo limepanda. Kesho litaruka."

"Mafuta ya gari yamepanda, ng'ombe naye amepanda gari. Nifanyeje?"

Akalipa huku akinung'unika, akafukia furushi kikapuni, chini ya shayiri ya kukaanga anayouza, akashika njia.

Mgonjwa mwenyewe aliitwa Buchi. Mtaa wa bondeni ulipobomolewa kupisha barabara, watu walipewa fleti, mbwa hawakupewa kitu. Kisha mtu ambaye hadi leo hajulikani akapita akigawa nyama yenye sumu. Buchi alikula, akayumba hadi barabarani, lori la maji likamvunja mguu. Akaokotwa na Daktari Hiwot, binti mwenye kituo cha mbwa nje ya mji, aliyemsafisha tumbo na kumfunga mguu vibao. Lakini kituo chake kimejaa mbwa mpaka jikoni, kwa hiyo wagonjwa huwagawa kwa watu wenye subira, wawauguze majumbani hadi wapate nguvu. Tiruwork, mjane asiye na mtoto, ni mmoja wa watu hao. Alikwisha kuuguza wawili wakaondoka kwa miguu yao.

Huyu wa tatu alikuja na sharti. Tangu ile sumu, hagusi chakula mpaka aone binadamu amekimeza kwanza. Ukimwekea bakuli na kuondoka, utalikuta jioni lina nzi. Na daktari alisema mchuzi wa ini na mifupa kila siku, la sivyo damu haitarudi, na mwili usio na damu hauungi mfupa.

Tiruwork alikwenda kwa padri wake wa kitubio. "Baba, nionje kidogo tu? Ncha ya ulimi?"

"Mbwa hana mfungo," padri akasema. "Wewe unao."

Mwokozi alikuwa Dansa, mlinzi wa jengo letu. Dansa ni mlokole, mfungo wetu haumhusu. Kila siku akipanda hadi ghorofa ya nne, anameza vijiko vitatu mbele ya Buchi, cha nne na cha tano kwa ajili ya uhakika, na tangu mfungo uanze alikuwa amenenepa hadi mkanda wa sare ukahama tundu.

Lakini siku ile Tiruwork alipofika na furushi lake, kibanda cha Dansa kilikuwa kitupu. Alikuwa ameitwa ofisi ya kata kubadilisha kitambulisho. Jana alikwenda akaambiwa mtandao umekatika. Leo mtandao umerudi, mwenye mhuri ametoka. Siku nzima ya jana Buchi hakula. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama chaki.

Tiruwork akapika, akamimina bakulini, akapiga magoti. "Kula, baba. Ona, nami nakula." Akapeleka kijiko mdomoni, akakirudisha kimejaa, akatafuna hewa kwa mbwembwe zote.

Buchi hakutazama kijiko. Alitazama koo. Koo halikushuka, naye akageukia ukuta.

"Mkaidi wewe! Ungekuwa mtu wangekupa kazi ya kukagua mizigo forodhani."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Alganesh wa ghorofa ya tatu, mwanamke aliyefunga mifungo yote ya kalenda na kuongeza mingine ya nyumbani. Alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia kwa huzuni.

"Mama Tiruwork, unaitwa na chama. Saa nane. Njoo na sufuria."

"Na sufuria? Kuna sherehe?"

"Kuna kesi. Na huyo mnyama umlete."

"Dada Alganesh, ngoja basi Dansa arudi. Yeye ndiye shahidi wangu."

"Mwenyekiti ameshavaa tai," akasema Alganesh, na hilo likafunga mjadala.

Kwetu mtu anaweza kuishi bila maji, bila umeme, hata bila mume. Bila chama cha kuzikana hawezi kufa. Chama ndicho chenye hema, viti, masufuria ya msibani, na watu wa kulia. Mwenye watoto anaweza kukigombeza chama. Tiruwork hakuwa na mtoto. Chama kingemtoa, siku ya kufa angelala ndani amekauka mpaka mpangaji wa chini alalamike.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la pamoja, lile ambamo ng'ombe huchinjwa sikukuu. Ndoano zilining'inia juu ya vichwa vyetu, tupu, zinang'aa. Saa nane ni saa mbaya kwa mkutano. Siku za kazi katika mfungo hakuna kitu kinachopita kooni hadi kengele ya kanisa ya saa tisa, kwa hiyo matumbo yalikuwa yakiongea kuliko wajumbe. Tiruwork akaingia amembeba Buchi kifuani kama mtoto mchanga wa kilo nyingi, na sufuria ikaletwa ikawekwa mezani mbele ya Mzee Shiferaw, mwenyekiti, karani mstaafu wa kodi. Kifuniko kikafunuliwa kwa ajili ya ushahidi.

Shingo zote zikageukia sufuria. Hata ndoano nilidhani zimegeuka.

Niseme ukweli, hasira yetu haikuwa ya dini tupu. Mfungo ni sitara ya maskini. Katika siku zile hakuna anayekuuliza kwa nini hununui nyama, wote tunakula dengu na kujiita watakatifu. Sasa huyu mwanamke anapika ini juu ya vichwa vyetu, na harufu inashuka ngazi kwa ngazi ikiwakumbusha watu kwamba hata mfungo ukiisha, hawatanunua.

"Kamati imenusa," Mzee Shiferaw akaanza. "Imenusa siku baada ya siku."

"Iliponusa ilifanya nini?" Tiruwork akauliza.

"Ilinusa tena. Kwa makini. Swali: nyama hii ni ya nani?"

"Ya mbwa."

"Mchuzi wa mbwa hautiwi chumvi," akadakia Alganesh.

"Huu hauna chumvi."

"Hauna kitunguu pia?"

"Hauna. Kitunguu kinamdhuru."

"Basi hata kupika hujui."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Rahisi. Mbwa ale hapa, mbele yetu. Akila, kesi imekwisha."

Tiruwork akamlaza Buchi sakafuni. "Mzee wangu, huyu alilishwa sumu. Hali mpaka aone mtu ameonja kwanza."

"Ahaa! Kwa hiyo mbwa ndiye anayekutaka wewe ule nyama?"

"Ndivyo."

"Hata Hawa pale bustanini alisingizia nyoka," akasema Alganesh, na kicheko kikapanda hadi kwenye mabati.

Mchuzi ukamiminwa kwenye bakuli, likawekwa mbele ya Buchi. Ini lilikuwa likifuka moshi. Watu wakanyoosha shingo. Buchi akalinusa, akawatazama watu koo kwa koo, safu kwa safu. Hakuna koo lililoshuka, ingawa yalikuwepo yaliyotamani. Akageuza uso, akalaza kidevu juu ya vibao, akafumba macho.

Bibi mmoja wa ghorofa ya chini akasema kwa sauti inayotetemeka:

"Anafunga."

"Nani?"

"Mbwa! Mbwa anafunga Mfungo Mkuu! Kwa Mariamu, mmeona alivyogeuza uso?"

"Mpeni dengu tuone!" mtu akapiga kelele. Dengu zikaletwa zimefungwa kwenye leso, pamoja na kipande cha injera, mkate wetu. Buchi hakufungua jicho.

"Hata dengu hataki!"

"Si saa tisa bado! Anangoja kengele!"

Basi, hapo mambo yakaharibika. Kigelegele kikapigwa. Mama mmoja akasukuma mwanawe mwenye surua akamguse mkia. Mwingine akalia kwamba nchi imeoza, watu wanakula rushwa mwaka mzima na mbwa ndiye anayetubu. Wote wakamzunguka Buchi, wakimbusu sikio. Mimi simo, nilikuwa mbali, karibu na mlango, goti linaniuma. Mwenyekiti peke yake alibaki mezani, akilinda ushahidi.

"Mwacheni apumue!" Tiruwork akapiga kelele. "Mbwa hafungi, anakufa!"

Hakuna aliyesikia. Baada ya muda Mzee Shiferaw akapangusa midomo kwa leso, akagonga meza.

"Kamati imeridhika kwamba mbwa anafunga. Kwa hiyo nyama si yake. Kama si yake, ni ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Tiruwork.

"Na kuanzia leo," Alganesh akaongeza, machozi yakimlengalenga, "huyu mnyama wa Mungu atalishwa na akina mama wa jengo. Dengu tupu, mpaka Pasaka."

Tiruwork akamwinamia Buchi. Akamfunua mdomo kwa kidole, akaziona zile fizi. Akaweka mkono kwenye mbavu zake, akahesabu pumzi, zikawa zinachelewa. Akatazama mlangoni: Dansa hakuwepo. Dansa alikuwa amesimama kwenye foleni mahali fulani, na mwenye mhuri alikuwa bado ametoka.

Akatafuta kijiko kwenye pindo la gauni. Akafanya ishara ya msalaba, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba asiyotaka kuiacha. Kisha akachota ini bakulini, akatafuna, akainua kidevu ili koo lionekane vizuri, akameza.

Banda zima lilisikia lile tonge likishuka.

Buchi akafumbua macho. Akamtazama. Akajiinua kwa miguu mitatu, ule wa vibao ukiburuta, akatia pua bakulini, akala. Alikula kwa kelele, bila adabu, mchuzi ukiruka hadi kwenye viatu vya wale waliombusu. Akalamba bakuli hadi likatambaa sakafuni.

Bibi wa kigelegele akafunika uso. "Amemfungulisha! Amemfungulisha mtakatifu!"

"Mmeona sasa nyama ni ya nani?" Tiruwork akauliza, akihema.

Ungedhani kesi imekwisha. Wewe hujui makarani. Mzee Shiferaw alishauriana na wajumbe wawili, kichwa kwa kichwa, kisha akasimama.

"Shitaka la kwanza, la kupika nyama, limefutwa. Shitaka la pili, lililozaliwa hapa hapa mkutanini, ni kula nyama katika Mfungo Mkuu, hadharani, na kumwondolea mbwa mfungo. Adhabu: huduma za maziko zimesimamishwa hadi Pasaka. Hema hutapata, viti hutapata, waliaji hutapata. Ukifa kabla ya Pasaka ni shauri lako."

Watu wakaguna. Ilikuwa adhabu kubwa. Hata Alganesh alitazama chini, maana Tiruwork ndiye aliyemwoshea mama yake alipokufa.

Tiruwork akamnyanyua Buchi begani, mbwa akapiga mbweu.

"Basi sifi," akasema. "Nina mgonjwa."

Akaenda mezani kuchukua sufuria yake. Alipofunua kifuniko aone kama mlo wa jioni upo, akasimama. Akachungulia. Akatikisa sufuria, mifupa ikagongana. Lile pande kubwa la ini alilobakiza halikuwamo. Taratibu akainua macho hadi usoni kwa mwenyekiti, akayatuliza juu ya masharubu yake ya mvi, yaliyokuwa yaking'aa kama buti la askari siku ya gwaride.

"Hukumu hiyo," akauliza, "ni ya kila aliyeonja?"

"Kila aliyeonja," akasema Mzee Shiferaw, akitafuta leso. "Sheria haichagui mtu."

Kengele ya saa tisa ikaanza kulia kanisani. Hakuna aliyeondoka.

"Basi, Mzee wangu," Tiruwork akamwambia kwa upole, kwa ile sauti anayowasemesha wagonjwa, "na wewe ujikaze. Usitufie kabla ya Pasaka."