Chupa Zilizogeuziwa Ukuta

Kwa miaka kumi na mmoja nilizigeuza chupa zile zitazame ukuta, nikidhani natenda wema.

Zilikaa rafuni, katika maabara ya hospitali ninayofagia. Ndani ya kila moja kulikuwa na kipande cha nyama ya mtu kilichokatwa ili kichunguzwe, na nje limebandikwa jina. Niliona si adabu jina la mgonjwa kutazamwa na kila apitaye, basi nikishapangusa vumbi naligeuza. Sikujua zinasubiri nini. Binti yangu ndiye aliyeniambia: zinasubiri daktari wa kuzisoma, na huyo hatunaye. Hupelekwa mbali, na majibu hurudi kwa mwendo wa kobe. Majibu ya baba yake yalirudi miezi mitatu baada ya kumzika. Ugonjwa wake ulikuwa na dawa.

Jumamosi ile alasiri alikuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama. Chuo cha udaktari cha ng'ambo kilikuwa kimeshamkubali binti. Ilibaki fomu ya udhamini, nayo iliuliza anataka kubobea katika nini.

"Andika moyo," shemeji aliamuru. "Daktari wa moyo! Hata ukilitamka tu, watu wanakaa sawa."

"Baba mkubwa, mimi nataka patholojia."

"Ndiye mdudu gani huyo?"

"Kusoma ugonjwa kwenye vipande vya mwili, kwa darubini."

"Na maiti?"

"Na maiti pia."

Alicheka hata chai ikamwagikia kisahani. "Miaka sita kwenye baridi, urudi uwe jirani wa maiti! Wagonjwa wako hata asante hawatakwambia."

"Wala hawatalalamika, baba mkubwa."

Nikauma mdomo nisicheke. Yeye alikuwa ameshanuna. "Shemeji, sema na mwanao. Tiketi ya ndege niliahidi kwa daktari, si kwa mchimba kaburi."

Nikamvuta binti jikoni. "Andika moyo tu, mama. Ukifika huko utabadilisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alinitazama, si kwa hasira. "Kila alfajiri nakusikia ukiniombea niwe mkweli. Leo nianze safari kwa uongo?"

Nimeinama maisha yangu yote: nimewainamia madaktari, nimemwinamia shemeji, na kuinama huko nikakuita unyenyekevu. Pale jikoni, sufuria ikitokota, niliona kwamba unyenyekevu wangu kwa Mungu ulikuwa mdogo sana. Uliobaki wote ulikuwa woga, nami nilikuwa nautafutia mrithi.

Tukarudi sebuleni.

"Andika unalolitaka," nikamwambia binti mbele ya shemeji.

Shemeji akaiweka kalamu yake mfukoni, polepole, ili nione. "Na sahihi ya mlezi atatia nani?"

"Mimi."

"Wewe? Fomu ya ng'ambo, na shule yako ya msingi?"

"Jina langu nilifundishwa kuliandika huko huko shule ya msingi, shemeji. Halijabadilika."

Binti akanipa kalamu yake. Palipoulizwa kazi ya mlezi, shemeji alishindwa kujizuia, akainama begani kwangu. "Basi andika mtumishi wa afya, wasije wakamcheka mtoto."

Nikaandika: *mfagiaji*. Herufi kubwa, zilizosimama wima. Nikatia sahihi.

"Tiketi mtajua wenyewe," akasema, akisimama.

"Tutajua."

"Na akishindwa huko, usinijie."

"Sitakuja, shemeji. Karibu umalize chai."

Hakuimaliza. Mlango ulipofungwa, nikakiondoa kikombe chake mezani. Binti alikuwa ameinamia fomu, akiipulizia wino ukauke, uso umejaa nuru ya mtu aliyeshaondoka.

Nikaingia chumbani, nikapiga magoti. Sikumwomba Mungu binti apate udhamini. Hilo nilikuwa nimeshaliomba sana. Nilimwomba anifunge mdomo siku ya safari, nisije nikamwambia abaki.