Malimbuko ya Mzee Sosteni

Asubuhi ile niliikosa kamba ya kupandia mahali nilipoificha, nikajua babu amekwenda mtini.

Tulikuwa tumegombana wiki nzima. Babu yangu, Mzee Sosteni, alitaka kupanda mkarafuu. Umri wake ni miaka themanini na ushei, goti moja halikunjiki, jicho la kushoto limeingia ukungu. Nilimwambia hapandi. Akanijibu kwamba mimi si Mungu wake. Ndipo nilipoichukua kamba nikaisokomeza darini, nikaondoka nimevimba kwa hasira, kumbe alinisikia nilipokuwa nikihangaika na ngazi.

Kwetu karafuu za kwanza za msimu hazianikwi wala haziuzwi. Hutiwa mbichi katika pakacha dogo, zikapelekwa kanisani Wete. Baba yake babu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu za watu, akabaki Pemba, na ndiye aliyemfundisha mwanawe desturi hiyo. Kanisa letu ni dogo, hata siku ya sikukuu viti havijai. Lakini malimbuko yanapofika, wote hunyamaza wakamngoja Mzee Sosteni aweke pakacha mbele ya madhabahu na kusema maneno yake, yaleyale tangu nizaliwe: "Bwana, nimechuma kwa mikono yangu. Pokea."

"Nitapanda mimi," nilikuwa nimemwambia.

"Zitakuwa zako, Enoki. Na mimi nitasema nini? Bwana, nimemtazama mjukuu wangu akichuma?" Akatazama viganja vyake. "Mtu asiyeweza kuchuma ana nini cha kumpa Mungu? Nitakwenda mbele zake nimekaa tu, kama gunia."

Nilimkuta chini ya mkarafuu, amekaa kwenye majani, shavu lina mchubuko. Hakuwa amepanda. Alikuwa ameikamata ncha ya tawi kwa kigoe, kile kijiti chenye ndoano, akalivuta chini na kulifunga kwa kamba, kisha akaivuta kamba kwa nguvu zote. Tawi likalia. Kamba ikamponyoka, tawi likaruka juu na kumpiga usoni. Karafuu chache zilitawanyika mchangani. Pale tawi lilipoungana na shina palikuwa na ufa mweupe.

Mchumaji akivunja tawi hapa kwetu husemwa mpaka msimu mwingine, na aliyekuwa akisema kuliko wote ni babu. Nimewahi kumwona akimfukuza mtu mzima shambani kwa kijitawi kisichozidi kidole.

"Nimelivunja," alisema.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Kisha nikauona mkono wake ukiupapasa ule ufa kama anayempapasa mtoto mwenye homa, nikayameza.

"Sosteni!" Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. "Kuna mtu amekufa huko au bado?"

"Bado, Bi Mwanapili."

"Haya, maana mie leo sina nguvu za kulia."

Jirani yetu alijikokota kwa bakora yake mpaka tulipokuwa. Yeye na babu wamebishana juu ya ua huo tangu ujana wao, na hakuna anayekula kitu kizuri bila kumpelekea mwenzake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Na weye umesimama kama mlingoti, babu yako yuko chini?" Akaketi juu ya gunia, akaliona tawi, akaguna. "Ala! Leo nani atakufukuza weye, Sosteni?"

Babu hakucheka. Alimweleza yote, hata ile hofu yake ya kwenda mbele za Mungu amekaa kama gunia. Bi Mwanapili alisikiliza huku akisugua magoti.

"Mie nasali juu ya kiti," alisema mwishowe. "Tangu mfungo uliopita kipaji cha uso wangu hakijagusa mkeka. Siku ya kwanza nililia, yakhe. Nikasema Mola wangu ataniona najikweza, nimemkalia kitini kama sheha mbele ya wanakijiji wake. Nikenda kwa Shehe Jabir. Akaniambia, Bi Mwanapili, aliyeyaumba hayo magoti hajui kuwa yamechakaa?" Akamgusa babu begani kwa ncha ya bakora. "Sasa nakuuliza. Mungu wako weye hana kiti?"

Babu aliokota karafuu moja mchangani, akaipangusa vumbi. Kuku walikuja wakachakura karibu na mguu wake, wakaondoka.

"Anacho," alisema, taratibu sana.

"Basi kaa."

Babu alinitupia kamba. "Panda. Anza upande wa jua. Na ukivunja tawi usirudi chini."

"Kama hilo?"

Bi Mwanapili alicheka mpaka akashika ubavu. Babu alijaribu kukunja uso, akashindwa, naye akacheka huku akifuta macho kwa mkono wa shati.

Nilipanda. Niliteremsha pakacha kwa kamba, babu akalipokea, akaketi kwenye jamvi amenyoosha mguu na kuanza kuchambua, kuzitenga karafuu na vikonyo vyake. Maisha yake yote yeye alikuwa mtu wa juu ya mti, kuchambua aliwaachia wanawake na watoto.

"Hukamui ng'ombe, Sosteni! Kunja kiganja. Sugua."

"Nasugua."

"Unapapasa."

Vidole vyake vilijifunza polepole. Alichambua mpaka alasiri, kila karafuu akiisogeza karibu na jicho zima, na iliyochubuka akiitupa.

Jumapili nilimshika mkono hadi mbele. Kanisa lilinyamaza kumngoja, nami nilimwogopea, kwa sababu hakuwa ameniambia atasema nini. Alifika mbele ya madhabahu, akasimama, akageuka. Akavuta kiti cha safu ya kwanza, akakaa, akaweka pakacha mapajani.

"Bwana," alisema, "mwaka huu nimekaa."

Nilidhani yamekwisha. Midomo yake ilikuwa bado inatafuta.

"Enoki amechuma. Mimi nimechambua. Bi Mwanapili amenitukana." Mtu mmoja alicheka nyuma. "Nguvu zangu zimeniaga, Bwana, moja moja, nami nilidhani utazifuata. Hukuzifuata. Upo." Akanipa pakacha niliweke chini kwa niaba yake, maana kuinama hawezi. "Pokea."

Tuliporudi alinituma matambara na ile kamba. Nilipanda kulifunga lile tawi lenye ufa, naye akiwa kitini chini yangu, bakora ya Bi Mwanapili ikinyooshwa huku na huku.

"Kaza!" aliamuru Bi Mwanapili.

"Usikaze sana," alisema babu. "Nalo ni zee. Lishike tu, litaunga."